Vibhishana alimwacha kaka yake Ravana vitani: alikuwa msaliti au mtu wa haki? Tujadiliane

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kuna swali Wahindi wamebishana juu yake kwa karne nyingi na mpaka leo halijapata mwisho. Nalileta kwenu kwa sababu naamini hakuna ukoo ambao halijawahi kuubishia hodi. Ndugu yako wa damu amedhulumu mtu. Umemwonya, hakusikia. Sasa adui amefika mlangoni. Utabaki naye au utamwacha?

Kwa asiyeijua habari yenyewe: katika Ramayana, utenzi wa Kisanskriti wa beti zipatazo 24,000 ambao utunzi wake unahusishwa na Valmiki, Ravana mfalme wa Lanka alimteka Sita, mke wa Rama, akamweka kizuizini kwenye bustani ya miashoka. Rama alimtafuta mkewe nchi nzima hadi akafika ufukweni na jeshi la nyani. Ravana alikuwa na wadogo zake wawili wa kiume, Kumbhakarna na Vibhishana. Wote wawili walimwambia kaka yao kwamba amekosea. Kumbhakarna alipomaliza kusema alichukua silaha, akaenda kumpigania, akafa. Vibhishana alipomaliza kusema alitukanwa mbele ya baraza, akanyanyuka na wenzake wanne, akavuka bahari, akajiunga na Rama.

Wahindi wana methali isemayo kwamba mjua siri za nyumba ndiye aliyeiangusha Lanka. Anayesemwa hapo ni Vibhishana. Jina la Rama wamepewa watoto wasiohesabika, na la Lakshmana na Bharata wadogo zake vivyo hivyo, ila mzazi anayemwita mwanawe Vibhishana ni nadra. Lakini mtu huyuhuyu anahesabiwa kati ya wachache waliojaliwa kutokufa, na huko Sri Lanka, katika hekalu la Kelaniya karibu na Colombo, Wabudha wanamheshimu kama mungu mlinzi. Kisiwa anachodaiwa kukisaliti ndicho kinachomwombea dua!

Msimamo wangu nausema mapema ili mnipinge vizuri. Vibhishana hakuwa msaliti. Usaliti hufanyika gizani. Huyu alisema mchana kweupe, mbele ya kaka yake na mawaziri wake: mrudishe mke wa watu, la sivyo tunaangamia wote. Alisema zaidi ya mara moja. Kabla ya hapo, Hanuman, nyani mjumbe wa Rama, alipokamatwa Lanka na Ravana akataka auawe, Vibhishana ndiye aliyesimama akasema mjumbe hauawi. Na siku ya kuondoka hakutoroka usiku. Alimwambia Ravana: wewe ni kaka yangu mkubwa, uko mahali pa baba, sema utakalo, lakini wasemao ya kupendeza ni wengi, na asemaye neno chungu lenye kufaa ni adimu, na wa kulisikiliza ni adimu vilevile. Kisha akamuaga: ukae salama, ulinde mji wako, mimi naenda, uwe na furaha bila mimi.

Kauli ile ya mwisho huwa inaniuma kila nikiifikia. Mtu anayemuaga kaka yake hivyo hana furaha ya kuondoka.

Karibuni.

Mwanapwani

Mleta mada, umeeleza kwa ufasaha, lakini mimi nakataa.

Wahenga wetu walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Kumbhakarna ndiye mzaliwa nawe. Alijua kabisa kwamba kaka yake amekosa, na walipomwamsha usingizini alimwambia: ulipaswa kutuita kwenye shauri kabla ya kutenda, siyo baada ya kutenda. Akaisha kumkaripia, akaenda kufa. Kamban, mshairi wa Kitamil wa karne ya 12, anasimulia kwamba Vibhishana alimfuata Kumbhakarna hadi uwanja wa vita akambembeleza ahamie kwa Rama. Kumbhakarna akamjibu kwamba hatamani maisha yaliyo kama mchoro juu ya maji. Aliyemlea miaka yote hiyo na kumpamba kwa mikono yake aende vitani, atamnyimaje roho yake? Hapo ndipo ninapouona udugu.

Tena mnamwonea Ravana kana kwamba hakuwa na hoja. Alimwambia Vibhishana habari ya tembo. Tembo walipowaona wawindaji wanakuja na kamba, waliimba: hatuogopi moto, wala silaha, wala kitanzi, tunachoogopa ni ndugu zetu wenyewe wanaojali nafsi zao. Maana tembo wa porini hunaswa kwa msaada wa tembo waliokwisha kufugwa. Ravana alikuwa jeuri, sawa, lakini hapo alisema kweli, na hazikupita siku nyingi ikatimia.

Halafu tazameni malipo. Vibhishana alipopokelewa tu, kabla hata mshale mmoja haujarushwa Lanka, Rama alimwagiza Lakshmana achote maji ya bahari, wakamtawaza palepale ufukweni kuwa mfalme wa Lanka. Kaka yake yu hai! Yuko kwenye kiti chake! Tena Hanuman, aliyeshauri apokewe, alisema wazi kwamba bwana huyu amesikia kwamba Vali, mfalme wa nyani, ameuawa, na kwamba mdogo wake Sugriva amepewa ufalme, naye amepima, ameutaka ufalme, ndiyo maana amekuja. Hayo ni maneno ya upande uliompokea, mimi sijaongeza chumvi.

Msafiri wa Reli

Mwanapwani umemaliza kila kitu. Ndugu mui heri kuwa naye.

Binti wa Kisutu

Naomba niingie, maana hadithi hizi nimelelewa nazo. Nyumbani kwetu Dar es Salaam kila Diwali bibi alituwasha taa kisha akatusimulia Rama anavyorudi Ayodhya, mji wa kwao, na kila mwaka mimi na kaka zangu tuligombana palepale mnapogombana ninyi leo.

Mwanapwani, kaka yangu, unamtaja Ravana kama mtu anayestahili kudai udugu. Tuulize yeye aliwatendea nini ndugu zake. Lanka haikuwa yake. Ilikuwa ya Kubera, kaka yake kwa baba. Ravana alimtaka aondoke, na baba yao, kwa kuepusha balaa, akamshauri Kubera aondoke. Baadaye Kubera alimtumia mjumbe kumshauri aache ukatili. Ravana akamuua yule mjumbe kwa upanga, akaenda kumpiga kaka yake na kumnyang'anya Pushpaka, kile chombo kirukacho angani. Na dada yake Surpanakha? Mume wake Vidyujjihva aliuawa na Ravana mwenyewe vitani. Dada akaja kumlilia akiwa mjane kwa mkono wa kaka yake. Ndipo Ravana akampeleka msitu wa Dandaka akae na Khara, na huko ndiko alikokutana na Rama na Lakshmana. Moto wote ule ulianzia kwa dada aliyefanywa mjane na kaka.

Kwa hiyo mtu aliyemfukuza kaka na kumuulia dada mumewe, siku adui amefika anaanza kuimba wimbo wa tembo. Bibi alikuwa akifika hapo anasema: sasa ndio amekumbuka kuwa ana ndugu.

Na kuna jambo ambalo bibi alitufundisha nikalipuuza hadi nilipozaa mwenyewe. Ravana, Kumbhakarna, Surpanakha na Vibhishana ni wa baba mmoja na mama mmoja, Kaikasi. Vali na Sugriva, wafalme wa nyani, nao ni wa tumbo moja, na walifika pa kuuana kwa sababu ya pango lililofungwa kwa jiwe na mke aliyechukuliwa. Sasa waangalieni watoto wa Ayodhya. Rama ni wa Kausalya, Bharata ni wa Kaikeyi, Lakshmana na Shatrughna ni wa Sumitra. Mama wa Bharata ndiye aliyesababisha Rama afukuzwe miaka 14 msituni ili mwanawe atawale. Kwa kawaida ya dunia hao walipaswa kuwa maadui hadi kaburini. Lakini Bharata, ambaye wakati yanatendeka alikuwa kwa mjomba wake, aliporudi akakuta baba amekufa na kiti kinamsubiri, alimkemea mama yake, akamfuata Rama hadi Chitrakuta kumsihi arudi. Rama alikataa, kwa kuwa neno la baba lilikwisha kutoka. Bharata akaomba viatu vya kaka yake, akavibeba kichwani. Hakukaa Ayodhya, alikaa kijijini Nandigrama, amevaa magome ya mti, nywele zimesokotana, viatu vimewekwa mahali pa mfalme na kufunikwa kwa mwavuli wa kifalme. Kila jambo la serikali lililetwa kwanza mbele ya viatu. Na alikwisha apa kwamba miaka 14 ikitimia asimwone Rama, ataingia motoni.

Kumbukeni pia Lakshmana alipoona jeshi la Bharata linakaribia Chitrakuta alipanda mti, akadhani amekuja kuwaua, akasema atamuua yeye kwanza. Rama akamkanya. Hata kwa watu wema udugu haukosi shaka.

Kwa hiyo Sugriva aliposema juu ya Vibhishana kwamba mtu anayemwacha kaka yake kwenye shida kama hii hatamwacha nani, Rama alimjibu: rafiki yangu, si ndugu wote walio kama Bharata. Nalipenda jibu hili kwa sababu Rama hakumpaka mtu mafuta. Hakusema Vibhishana ni malaika. Alisema ameomba hifadhi nami nimempa, na hata angekuwa Ravana mwenyewe aliyekuja ningempa.

Mwalimu Mstaafu

Shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba.

Mjadala mzuri, ila mmeegemea utenzi mmoja. Huwezi kulijua swali hili bila Mahabharata, ule mkubwa wa vitabu 18, ambao ni vita vya watoto wa ndugu wawili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Humo swali la Vibhishana limeulizwa mara tatu na kujibiwa namna tatu.

La kwanza ni Vikarna. Duryodhana na ndugu zake, Wakaurava, wako 100; binamu zao, Wapandava, ni watano, Yudhishthira, Bhima na Arjuna wakiwemo. Siku Yudhishthira alipocheza dado akapoteza mali, akawapoteza wadogo zake, akajipoteza mwenyewe, kisha akamweka rehani Draupadi mke wao, na Draupadi akaburutwa kwa nywele hadi barazani, wazee wote walinyamaza. Aliyesimama ni kijana Vikarna, mmoja wa wale 100. Akasema mchezo huu ni batili. Mtu aliyekwisha kujipoteza hana tena mamlaka ya kumweka mtu mwingine rehani. Karna, rafiki wa Duryodhana, akamkaripia kwamba ni mtoto hajui kitu. Vikarna alikaa upande wa kaka zake hadi vita. Bhima alikuwa amekula kiapo kuwaua wote 100, akamuua na Vikarna, kisha akamlilia palepale uwanjani kwamba umeuawa kwa sababu ya kiapo changu.

La pili ni Yuyutsu. Huyu alikuwa mtoto wa mfalme Dhritarashtra, baba wa Wakaurava, kwa mwanamke mwingine asiye malkia. Majeshi yamekwisha pangwa, Yudhishthira akatoka katikati, akapaza sauti: yeyote anayetuchagua na aje. Yuyutsu akavuka, na ngoma zinapigwa. Yudhishthira akampokea kwa kusema kwamba kizazi cha Dhritarashtra na sadaka za mazishi yake vitabaki juu yako. Ikawa hivyo. Kati ya wana wote wa yule mzee kipofu, aliyebaki hai ni huyo mmoja.

La tatu ni Karna, na hapa methali ya Mwanapwani inageuka kichwa chini miguu juu. Karna ni mtoto wa kwanza wa Kunti, mama wa Wapandava, aliyemzaa kabla ya ndoa akamweka mtoni. Akalelewa na dereva wa magari ya farasi, Adhiratha, na mkewe Radha. Kabla ya vita Krishna, mshauri wa Wapandava, alimfunulia siri: wale watano unaotaka kupigana nao ni wadogo zako, njoo, wewe ndiye mkubwa, ufalme ni wako. Karna akakataa. Wazazi wangu, akasema, ni Radha na Adhiratha, na Duryodhana ndiye aliyenishika mkono nilipodharauliwa. Mama yake alipomfuata mtoni akimsihi, alimpa ahadi moja tu: wanao watabaki watano, nikifa mimi au akifa Arjuna, watano watabaki. Huyu ni mla nawe aliyekufa nawe, dhidi ya aliozaliwa nao.

Mtunzi hakutuambia ni yupi kati ya watatu aliyepatia, na wote anawaheshimu. Mimi nilifundisha miaka mingi, na naomba nitoe langu: namsikitikia Vikarna kuliko wote. Alijua haki, aliisema, kisha akaenda kufia dhuluma. Kijana kama yule kufa kwa ajili ya dado za kaka yake ni hasara ambayo sikuwahi kuikubali.

Mwanapwani

Mwalimu, marahaba, na heshima yako iko palepale. Lakini jibuni hili moja, maana naona mnalikwepa.

Indrajit. Mtoto wa Ravana. Yaani mtoto wa Vibhishana pia, maana kwetu sisi mtoto wa kaka ni mtoto wako. Alikuwa hashindwi vitani. Nguvu yake ilikuwa kwenye ibada aliyokuwa akiifanya mahali paitwapo Nikumbhila. Nani aliyejua? Baba yake mdogo. Nani aliyempeleka Lakshmana hadi pale kabla ibada haijaisha? Baba yake mdogo. Indrajit alipomwona alimwambia: umezaliwa hapa, umekulia hapa, wewe ni ndugu wa baba yangu, unawezaje kumtendea mwanao hivi? Mgeni hata akiwa na sifa zote na ndugu hata akiwa hana sifa, ndugu asiye na sifa ni bora, kwa kuwa mgeni ni mgeni tu.

Msafiri wa Reli hapo juu ameandika ndugu mui heri kuwa naye. Indrajit alisema hilohilo kwa Kisanskriti. Na mwaka 1861 mshairi wa Kibengali Michael Madhusudan Dutt alitunga utenzi mzima wa kumlilia kijana huyu, kwa hiyo siko peke yangu.

Kumwacha kaka, labda. Kumwonyesha adui mlango wa chumba cha mtoto wako? Hapana.

Mleta mada

Mwanapwani, hapo umenishika, nami sitaruka.

Nimelitafakari la Indrajit tangu nilipoisoma habari hii mara ya kwanza. Naamini Vibhishana alikuwa na haki ya kuondoka. La Nikumbhila siwezi kulitetea kwa moyo mmoja. Na nadhani hata mtunzi lilimwelemea, kwa kuwa anamfanya Vibhishana mwenyewe aseme palepale kwamba haifai aliye mahali pa baba amuue mwana. Kwamba nikitaka kumpiga machozi yananiziba macho. Lakshmana ndiye atakayemmaliza. Msomaji anaweza kuyaita machozi ya mamba. Mimi siyaoni hivyo. Naona mtu aliyechagua upande, halafu upande ukamdai bei ambayo hakuijua siku anachagua. Ukishavuka bahari huulizwi tena utatoa siri ipi na kubakiza ipi.

Na kuhusu ufalme: ni kweli alitawazwa mapema. Lakini kabla ya kutawazwa, alipofika angani juu ya ufukwe, alijitangaza kwa sauti kwamba mimi ni mdogo wake Ravana, nimemwacha mke wangu na watoto wangu kule. Familia yake ilibaki mikononi mwa Ravana. Mtu anayefuata cheo huondoka na watoto wake.

Nataka pia niongeze jambo kwa wanaodhani Rama mwenyewe hakuwahi kuonja uchungu huu. Katika kitabu cha mwisho, Rama anazungumza faraghani na mgeni, Wakati mwenyewe aliyekuja kwa umbo la mtawa, na sharti ni kwamba atakayeingia atauawa. Lakshmana analinda mlango. Anafika Durvasa, mtawa mwenye hasira, anatishia kuulaani ufalme mzima asipotangazwa mara moja. Lakshmana anawaza: heri nife mimi peke yangu kuliko waangamie wote. Anaingia. Na Rama, ambaye Lakshmana alimfuata msituni miaka 14 akiacha mke nyumbani, anashikwa na neno lake. Hakumuua, alimfukuza, kwa kuwa kwa mtu mwema kuachwa ni sawa na kifo. Lakshmana akaenda mto Sarayu, hakurudi.

Sijui Mwanapwani utamweka Rama kwenye mizani gani hapo.

Mama Wawili

Nimesoma kuanzia juu. Kaka, kaka, kaka, mdogo wake, kaka. Naomba na dada zetu tuwakumbuke.

Wakaurava 100 walikuwa na dada mmoja, Duhshala. Aliolewa na Jayadratha, mfalme wa Sindhu. Jayadratha alimteka Draupadi msituni wakati Wapandava wako uhamishoni. Walipomkamata, Bhima alitaka kummaliza. Yudhishthira akasema asiuawe, mkumbukeni Duhshala. Bhima akamnyoa, akamwachia mashungi matano kichwani, wakamwachilia. Yaani udugu na dada wa upande wa adui ndio uliomwokoa mtu aliyemgusa mke wao. Na mtu huyo akarudi vitani, akaziba njia siku aliyouawa Abhimanyu mtoto wa Arjuna, na kesho yake Arjuna akamuua.

Hesabuni sasa ya Duhshala. Kaka zake wameisha. Mume ameuawa na binamu yake, ambaye kwetu sisi ni kaka. Miaka baadaye Arjuna anamfuata farasi wa kafara nchi kwa nchi, anafika Sindhu. Mtoto wa Duhshala, Suratha, aliposikia tu kwamba Arjuna amekuja alianguka akafa. Wapiganaji wa Sindhu wanapigana kulipa kisasi. Duhshala anatoka na mjukuu wake mchanga mikononi, analia, anakwenda hadi mbele ya gari la Arjuna. Arjuna akaweka upinde chini. Vita vikaisha hapo.

Mwanamke aliyepoteza kila mtu ndiye aliyekwenda kumwita muuaji wa mumewe kaka, ili kichanga kiishi. Mkipima Vibhishana na Kumbhakarna, mpimeni na huyu.

Binti wa Kisutu

Asante sana dada. Bibi hakuwahi kutusimulia hii ya Duhshala. Nitawasimulia wangu.

Mtoto wa Mjane

Sikutaka kuandika, nimeandika.

Baba yangu alifariki nikiwa darasa la tano. Baba mkubwa aliuza shamba tuliloachiwa. Ukoo mzima ulijua na ulinyamaza, mama akaambiwa avumilie. Kesi ilipofika baraza la ardhi, aliyesimama kutoa ushahidi ni baba mdogo, mdogo wao wa mwisho. Alieleza mipaka yote, alitaja na nani alisaini nini. Mwezi mmoja kabla alikuwa amemfuata baba mkubwa nyumbani mara mbili kumsihi arudishe, nilikwenda naye mara ya pili, tukafukuzwa kwa matusi. Tulipata nusu ya shamba. Nimesoma kwa nusu hiyo.

Tangu siku hiyo baba mdogo hakualikwa harusi wala msiba. Wakimtaja wanasema yule aliyeuza nyumba kwa majirani. Mwezi huu baba mkubwa amefariki. Baba mdogo alisafiri usiku kucha kuja kuzika. Wakamzuia asishuke kaburini. Alirusha udongo watu walipokwisha kuondoka, mimi na yeye tu.

Mwanapwani, sikulaumu. Nimesoma hoja zako na baadhi ni za kweli. Nilitaka tu ujue kwamba Vibhishana ana watu waliosoma kwa ajili yake.

Mwanapwani

Ndugu yangu, pole sana. Mpe baba mdogo salamu zangu, mwambie ni kutoka kwa mtu asiyemjua. Kwa Indrajit nabaki na neno langu. Kwa baba yako mdogo, alifika nyumbani mara mbili kabla ya kwenda barazani. Hilo nalihesabu.

Mleta mada

Mtoto wa Mjane, pole kwa msiba, na pole kwa yote yaliyotangulia.

Niliacha kipande kimoja cha hadithi kwa kuogopa urefu. Ravana alipoanguka, Vibhishana alimlilia. Lakini ilipofika zamu ya mazishi alisita, akasema huyu aliiacha haki, alikuwa kaka kwa jina na adui kwa matendo, hastahili kufanyiwa ibada na mimi. Aliyemgeuza ni Rama, mtu aliyetekewa mke. Alimwambia uadui hukoma mtu anapokufa, tulilolikusudia limekwisha, mfanyie mazishi, kama alivyo wako ndivyo alivyo wangu sasa. Vibhishana akamwasha kaka yake moto kwa mkono wake.

Mtoto wa Mjane

Kwetu ilikuwa kinyume. Baba mdogo alitaka kuzika, waliobaki ndio waliokataa.

Arobaini ni Jumamosi ijayo. Jina lake halimo kwenye orodha ya watakaoitwa. Nimempigia shangazi sasa hivi, yeye ndiye mkubwa aliyebaki. Amenisikiliza, amenyamaza kidogo, akasema nimpigie tena baada ya isha.